Kupanga ratiba ya ukumbini: zawadi zisije zikala muda wote

Juzi nimemsaidia jirani yangu, mdogo wake alikuwa anaoa, ukumbi uko Sinza, wageni 300, yeye ndo katibu wa kamati. Akaja na ratiba kaiandika kwenye simu, kuanzia "wageni kuwasili" mpaka "sala ya kufunga", kila kitu dakika kumi kumi. Nikamwambia dada, hii ni ratiba ya kikao cha wazazi shuleni. Tukaifumua yote. Naandika hapa kwa yeyote ambaye kamati imemtupia huu mzigo.

1. Anza na saa ya kuzima muziki

Muulize mwenye ukumbi muziki unazimwa saa ngapi na muda ukizidi analipisha shilingi ngapi kwa saa. Tuseme saa 6 usiku. Rudi nyuma kutoka hapo. Kadi inasema saa 12 jioni lakini wote tunajua saa 12 ukumbini yupo mpambaji na ngazi yake na wazee wawili waliotoka Morogoro. Watu wanajaa saa 1 na nusu. Kwa hiyo huna masaa sita, una manne na nusu.

2. Maharusi waingie saa 2 kamili

Kinachowachelewesha ni picha, foleni ni kisingizio tu. Lazima awepo mtu wa kusema "tunaondoka", na asiwe msimamizi wala mpambe mana na wao wako kwenye hizo picha wanatabasamu. Mimi kazi hiyo nampa dereva. Yeye hapigwi picha, ana njaa, na anataka arudishe gari la watu.

3. Utambulisho

Kila upande uandike orodha yake, isomwe kwa ukoo, watu wasimame walipo wapunge mkono wakae. Hakuna kwenda mbele. Orodha waandike familia wenyewe sio wewe, mana ukimruka shangazi mmoja utasikia habari yake mpaka kwenye misiba.

4. Keki na shampeni

Haya mnayajua. Kama kuna ndafu ikatwe hapo hapo baada ya keki, ila ifike ukumbini kabla watu hawajajaa, mbuzi mzima na mlango wenye watu mia ni shughuli nyingine.

5. Chakula, saa 3

Kamati nyingi zinaweka chakula mwisho eti watu wasiondoke. Mi sikubaliani kabisa, mtu mwenye njaa hata zawadi hachezi, anaangalia tu vile vifuniko vya bafe. Kulisheni watu.

Hesabu yake ni hii: mtu mmoja kupakua kwenye bafe anachukua kama sekunde 20, watu 300 kwa mstari mmoja ni dakika 100. Mistari minne ni dakika 25. Kwa hiyo mwambie mtu wa chakula mapema kabisa, sio siku hiyo, kwamba unataka meza mbili zilizo mbali mbali na kila moja ichukuliwe pande zote mbili, na kwenye nyama asimame mhudumu na kijiko chake. Meza kuu wapelekewe walipo. MC aite meza kwa namba.

6. Zawadi

Hapa sasa mnivumilie.

Mwaka 2017 mdogo wangu wa kiume alioa na mimi ndo nilishika ratiba. Zawadi zilianza saa 4 na dakika 10 na nilikuwa nimeziandikia dakika 40, najiona mjanja. Saa 6 taa za ukumbi zikawaka zote na muziki ukakatwa, huku wafanyakazi wenzake na bi harusi bado wako mlangoni na friji lao, wamevaa sare, wamelibeba kwa zamu mana walishaambiwa wajiandae tangu saa 5. Baba alisoma shukrani kule nje kwenye maegesho, bila maiki, watu wanatafuta funguo za magari. Mama alininunia wiki nzima.

Nilipokaa nikapiga hesabu nikaona kosa liko wapi. Yalikuwa makundi 19. Kundi linaitwa, linaanza kukusanyana kwenye meza, huyu yuko chooni, dakika 2. Linaingia likicheza wimbo mpaka uishe, dakika 4. Kushikana mikono na picha, 2. Halafu mmoja anasema "nina neno dogo tu". Hiyo ni dakika 9 bila kuzidisha, mara 19 ni 171, karibu masaa matatu.

Tangu hapo nafanya hivi:

Orodha ya makundi inafungwa siku moja kabla, na yanaunganishwa. Jumuiya na kwaya waingie pamoja, ofisi ya bwana na ofisi ya bibi pamoja, majirani wote kundi moja. Kutakuwa na manung'uniko. Yabebe wewe, usimwachie bwana harusi. Kwa jirani yangu tulitoka makundi 16 tukabaki na 10.

Kundi moja likiwa linacheza, linalofuata liwe limeshajipanga mlangoni. Hii pekee inaokoa muda kuliko zote, ila inahitaji mtu wa mlangoni, na asiwe kijana mpole. Tafuta shangazi anayeogopwa. Tulikuwa naye, kashika kanga mkononi anawapungia kama trafiki.

DJ apewe nyimbo mapema na akate kila wimbo baada ya dakika moja na nusu. Atakubali halafu atasahau, kwa hiyo mtu wa kamati akae pembeni yake.

Maiki haitoki mkononi kwa MC. Mwenye neno aseme huku MC ameishika. Mkishamkabidhi mtu maiki imeshaondoka hiyo.

Friji, kitanda, sofa, vipelekwe nyumbani kwa maharusi mchana, ukumbini waingie na picha iliyobandikwa kwenye boksi. Hapa wazee wanaweza kugoma, wanataka kitu chenyewe kionekane. Mkishindwana basi kundi lenye mzigo liwe la kwanza, lisiwe la mwisho. Na wenye bahasha wasiitwe, weka sanduku karibu na meza kuu na mhazini akae nalo asiondoke hata kula, apelekewe sahani.

Wazazi wa pande zote mbili ndo wa kwanza kabla ya makundi yote, wao usiwakatie wimbo.

Kwa mtindo huo, makundi 10 yalienda dakika kama 50, tukamaliza saa 4 na nusu.

7. Karatasi

Ratiba iwe ukurasa mmoja, herufi kubwa, iprintiwe nakala tano: MC, DJ, mtu wa chakula, mlangoni, na wewe. Usitume kwenye grupu la WhatsApp, ukumbini hakuna anayefungua, na ukibadilisha kitu nusu ya watu wana ile ya zamani.

Shukrani ya baba iwe mara tu zawadi zinapoisha, kabla muziki haujafunguliwa. Jirani yangu alitaka aisogeze mbele kidogo wazee wacheze kwanza. Nikamkatalia, mzee akishavua koti humpati tena.