Jinsi ya kuandika memoranda ya parokia kuhusu bajeti ya kaunti

Kila Kwaresima jumuiya zetu husoma kijitabu cha kampeni cha Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki. Tunajadili ufisadi, ardhi na ajira za vijana, tunasali, tunakunywa chai, tunatawanyika. Na mara nyingi, wiki hizo hizo, mezani pa bunge la kaunti huwa pamelala Waraka wa Mkakati wa Fedha, ule unaoamua afya itapata kiasi gani na barabara kiasi gani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka waraka huo ufikishwe bungeni kabla Februari 28 haijapita, na wawakilishi wadi wana siku 14 tu za kuujadili. Mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa haki na amani katika parokia moja ya milimani huku Pwani ya Kenya, na msimamo wangu ni huu: kijitabu bila waraka ule ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo parokia iandike memoranda, yaani maoni ya maandishi kwa bunge la kaunti. Anza na kalenda. Ibandike kwenye ubao wa matangazo, kando ya ratiba ya Misa. Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka. Februari 28, waraka niliokwisha kuutaja. Aprili 30, makadirio ya bajeti. Juni 30, bajeti iwe imepitishwa. Watu wengi huamka Juni, redio zinapoanza kelele, na wakati huo kila idara imeshawekewa kiwango chake. Mnabaki kugombania makombo.

Kisha chagueni jambo moja. Si "umaskini", si "maadili ya viongozi". Jambo moja ambalo mtu anaweza kwenda kuligusa kwa mkono. Na liwe kweli ni kazi ya kaunti: Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu. Zahanati, maji, barabara za kaunti, chekechea na kilimo mashinani ni vya kaunti. Shule za msingi, sekondari na polisi ni vya serikali kuu. Mzee mmoja katika baraza letu aling'ang'ania tuombe madarasa ya sekondari. Nikamwambia, "Baba, hapo unadai deni kwa asiyekopa." Alinuna, lakini tukaendelea na zahanati.

Waraka wenyewe ombeni mapema, kwa barua. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Piga hesabu: siku 21 dhidi ya 14 za bunge. Mkingoja Februari mmeshachelewa. Barua iende Januari, hata kama waraka wenyewe bado unaandikwa, mkiomba mpewe nakala mara tu utakapotoka.

Sasa kuandika, ambako ndiko tunakoharibu zaidi. Sisi watu wa kanisa tumezoea mahubiri. Rasimu ya kwanza mezani petu ilisema: "Sisi waumini tunasikitishwa mno na hali ya afya, na tunawasihi viongozi wetu wamche Mungu." Hakuna karani duniani anayeweza kuweka sentensi hiyo kwenye jedwali la fedha.

Wanajumuiya wasome Hesabu 27 katika Biblia. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti za Selofehadi, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu. Walisema baba yao ni nani, alikufa wapi, kwamba hakuacha mtoto wa kiume, na kwamba wanataka urithi pamoja na ndugu za baba yao. Basi. Musa akapeleka shauri lao mbele za Bwana, na sheria ikabadilika. Sijaona mfano bora wa memoranda: mlalamikaji, tukio, ombi.

Tukaandika upya hivi: "Zahanati yetu ina wodi ya kujifungulia iliyokamilika, yenye vitanda. Haina umeme wala muuguzi wa usiku. Mama anayefika baada ya jua kutua huandikiwa rufaa na kupandishwa bodaboda. Waraka umetenga fedha za kujenga wodi mpya wadini humu humu. Tunaomba, kabla ya kujenga nyingine, iliyopo iwekewe sola na tangi la maji, na ipangiwe muuguzi." Taja ukurasa na jina la programu kama vilivyochapishwa.

Angalieni jambo moja la kitaalamu hapo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Mkiomba pesa za ujenzi zigeuzwe mshahara, mtajibiwa kwamba haiwezekani, na jibu hilo lina msingi. Ndiyo maana sola na tangi tuliviomba kwenye fungu la maendeleo, na muuguzi kwenye matumizi ya kawaida.

Maandiko tuliyaacha nje ya memoranda. Paroko hakufurahi, maana alikuwa na nukuu safi za nabii Amosi. Lakini Amosi alikuwa ameshatufanyia kazi jumuiyani. Kamati ya bajeti inataka ukurasa na kiasi. Isitoshe, Ibara ya 8 inasema Kenya haina dini ya taifa, na mama mwenye uchungu haulizwi anasali wapi. Imamu wa msikiti wa sokoni alitia sahihi. Mchungaji wa Kipentekoste vilevile, baada ya kusahihisha tahajia yetu.

Kuhusu michango ya wanasiasa nitasema kwa ukali kidogo. Mwakilishi wadi akiwaletea bati za paa la kanisa Februari, memoranda yenu ya Machi haina meno. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango ambao Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, jijini humo. Kigango cha watu maskini nacho kinaweza kusema hapana, angalau miezi ya bajeti.

Pelekeni nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti. Moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nanyi. Msiondoke bila muhuri, hata mkiambiwa mwenye muhuri ameenda chakula cha mchana. Siku ya kikao cha maoni asimame mama aliyepandishwa bodaboda usiku, si mwenyekiti wa baraza. Ulizeni pia nani anawakilisha dini katika Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Kifungu cha 137 cha sheria ya 2012 kinayapa makundi ya kidini nafasi humo, na waumini wengi hawajui kama nafasi hiyo ina mtu.

Baada ya Juni 30, tafuteni bajeti iliyopitishwa mkague mstari wenu. Hesabu 36 inaonyesha wazee wa ukoo wakirudi kwa Musa na pingamizi, na binti za Selofehadi wakabaki na ardhi ila kwa sharti kwamba waolewe ndani ya kabila la baba yao. Nasi tulipata sola. Tangi liliahirishwa, muuguzi hakutajwa popote, na rasimu ya muuguzi tayari inazunguka jumuiyani kwa ajili ya mpango wa Septemba 1.