Kuchagua baiskeli moja ya lami na ya porini: mwongozo wa fundi wa Tabora

Mrina asali wa Tabora hupita barabara mbili ndani ya siku moja. Asubuhi anatoka Kiloleni au Ipuli, anashika lami ya Sikonge, na baiskeli inateleza yenyewe. Mbele anaiacha lami na kuingia kwenye miombo. Huko kuna kichanga kinachomeza tairi, visiki katikati ya njia, na kifuku, yaani msimu wa mvua, kikifika kuna mbuga yenye tope jeusi linalonata mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Jioni anarudi njia hiyohiyo, safari hii akiwa na ndoo mbili nyuma. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na kijana wa daladala ya baiskeli anayepakia abiria wa vijijini wana shida ileile.

Ni wachache wanaoweza kununua baiskeli mbili. Mimi ni fundi, nazifungua na kuzifunga kila siku, na ninachoamini ni hiki: baiskeli moja itakufaa huku na huku ukianza kuchagua kwa magurudumu. Wanunuzi wengi huanza na rangi, jina la fremu au idadi ya gia. Hayo yaje baadaye.

Hatua ya 1: Pima mzigo na njia

Usikadirie kwa macho. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 28. Ndoo mbili ni kilo 56, hapo hujahesabu panga, chakula wala maji ya kunywa. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40. Ukishajua mzigo, igawe njia yako: kipande gani ni lami, kipi ni changarawe, kipi ni kichanga.

Kama njia ni lami au changarawe ngumu na unabeba mzigo mzito kila siku, chukua baiskeli ya chuma ya aina ya Phoenix, yenye magurudumu ya inchi 28. Kama sehemu kubwa ni kichanga na visiki, chukua baiskeli ya gia ya magurudumu ya inchi 26, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya milimani. Walio katikati, na ndio wengi, nawaambia waende kwenye 26. Kuifanya 26 ikimbie kwenye lami ni rahisi kuliko kuifanya 28 ipite kichangani, kwa sababu fremu na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya 28 hazina nafasi ya kupitisha tairi pana.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Chuchumaa, futa vumbi ubavuni mwa tairi, utafute namba mbili zilizotenganishwa na kistari, kwa mfano 50-559. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, nacho pia ni kwa milimita. Namba ya pili ndiyo isiyodanganya.

Dukani watu husema "tairi la 26" kana kwamba 26 ni moja. Sivyo. Ile 26 × 1.95 ya baiskeli ya milimani ni 559. Ile 26 × 1⅜, inayokuja na baiskeli nyingi za mtumba za mjini kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele, ni 590. Zinatofautiana milimita 31, na hata ukilazimisha kwa nguvu kiasi gani, tairi la hii halikai kwenye rimu ya ile. Anayenunua baiskeli ya 590 kwa sababu ni nafuu na inang'aa atakuja kuzunguka maduka yote akitafuta tairi moja. Ile 28 × 1½ ya Phoenix ni 635. Baiskeli za 29 na za 700C zote ni 622, na za 27.5 ni 584.

Ushauri wangu ni 559 au 635 tu. Hizo ndizo ambazo tairi na tyubu zake hupatikana hata kwenye duka la kijijini linalouza sukari na misumari. Kwa safari ya porini, kipuri kinachopatikana karibu kina thamani kuliko ubora wowote ulioandikwa kwenye fremu.

Kwa upana wa tairi la 26, chukua inchi 1.95 hadi 2.1. Chini ya hapo tairi hukata kichanga na kuzama. Angalia pia kashata zake, yale meno ya mpira yanayokanyaga chini: tafuta tairi lenye mstari ulioungana katikati na kashata zilizoachana pembeni. Kwenye lami utakanyagia ule mstari wa katikati, na baiskeli haitanguruma wala kukuvuta nyuma. Ukiingia kichangani tairi huzama kidogo, na zile kashata za pembeni ndizo zinazoshika. Tairi la kashata kubwa tupu huvutia machoni, lakini kilomita kumi za lami zitakuchosha.

Upepo nao una sheria zake. Matairi mengi ya 26 yameandikwa ubavuni PSI (kipimo cha upepo) 40 hadi 65. Kwenye lami ukiwa na mzigo, jaza nyuma karibu na ile namba ya juu. Ukifika kichangani punguza, hasa mbele, lakini usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa ukiwa umebeba ndoo. Ukipata pancha, itazame tyubu kabla ya kubandika kiraka. Tundu moja ni mwiba, na mwiba huo huenda bado uko ndani ya tairi, basi pitisha vidole polepole uutafute. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni dalili kwamba upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana tyubu kwenye jiwe au mzizi.

Hatua ya 3: Kagua fremu na foku

Nenda na sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio inatosha. Ikinasa kwenye fremu, hiyo ni chuma, na chuma kikipasuka mchomeleaji yeyote wa mjini anakiunga. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, lakini kuichomelea kunahitaji mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Kwa mtu anayebeba mizigo mbali na mji, nachagua chuma.

Kataa shokapu ya nyuma. Hunyonya nguvu unapokanyaga, huyumba ukiwa na mzigo, na karia ya kawaida haikai vizuri juu yake. Shokapu ya mbele ya bei ndogo nayo siipendi: huongeza uzito, huingiza vumbi, na ikilegea usukani wote hucheza. Foku ngumu ya chuma pamoja na tairi la 2.1 vitalainisha njia vya kutosha.

Kwa baiskeli ya mtumba, tafuta nyufa sehemu tatu: chini ya usukani pale mabomba mawili yanapokutana, juu ya kranki (pale mikono ya pedali inapozunguka), na pale ekseli ya nyuma inapofungwa. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ndani yake ni dalili mbaya. Rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ni mbaya zaidi.

Mwisho, pitisha kidole kati ya tairi na fremu, kisha kati ya tairi na madigadi. Kidole kikikwama, tope la mbuga litakwama pia.

Hatua ya 4: Gurudumu la nyuma

Mzigo wote hukaa hapa. Hesabu spoku, nyuma ziwe 36 au zaidi. Phoenix nyingi zina 40 nyuma na 32 mbele, na hiyo ndiyo sababu hustahimili mizigo mizito. Zibonyeze mbilimbili kwa vidole ukizunguka gurudumu zima. Zinazolegea zaidi ya wenzake huenda zinasema rimu imekwisha kugongwa.

Ekseli husahauliwa. Kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya friwili, yaani rundo la gia za nyuma linalofungwa kwa nyuzi kama nati, gololi za upande wa kulia zimekaa ndani, mbali na fremu, kwa hiyo kipande cha ekseli hubaki bila kuegemea kitu. Gia zikiongezeka nyuma, kipande hicho hurefuka, na ndoo za asali hukipinda mpaka kikatike. Habu ya kaseti, ambayo gia zake huchomekwa badala ya kufungwa kwa nyuzi, imezisogeza gololi hizo nje karibu na fremu, ndiyo maana huvumilia. Ukiipata mtumbani ichukue. Ukiikosa, chukua friwili ya gia 5 au 6 badala ya 7.

Kuipima ekseli: toa gurudumu, zungusha ekseli kwa vidole, utazame ncha yake. Ncha ikichora duara, ekseli imepinda.

Hatua ya 5: Gia

Usihesabu gia, hesabu meno. Gawa meno ya sproketi ya mbele kwa ya nyuma. Phoenix yenye 44 mbele na 18 nyuma inatoa 2.44, yaani kila mzunguko wa pedali unakusogeza karibu mita 5.5. Hiyo ni nzuri kwenye lami, ila kichangani na mzigo utashuka na kusukuma. Fundi akikufungia friwili ya meno 22, unapata 2, na kila mzunguko unakuwa mita 4.5 hivi. Huenda cheni ikahitaji kuongezwa pingili. Ni kazi ndogo, na wenye 28 nawasihi waifanye.

Kwa baiskeli ya gia, gia nyepesi kabisa iwe chini ya 1. Mbele 24 na nyuma 28 inatosha: chini kidogo ya mita 1.8 kwa mzunguko. Nzito iwe kama 42 kwa 14, ambayo ni 3. Zilizo katikati zitajipanga zenyewe.

Ivute cheni kwa mbele pale inapozunguka sproketi kubwa. Ikiachana na sproketi hadi ukaona ncha ya jino, imekwisha, na huenda imekula na sproketi.

Hatua ya 6: Breki

Breki za vyuma za Phoenix hudumu, lakini kwenye rimu ya chuma iliyolowa hushika kwa kuchelewa. Breki za waya kwenye rimu ya aluminiamu ni bora, na viatu vyake ni rahisi kupata. Breki za mafuta achana nazo, zikivuja ukiwa Ipole, huko Sikonge, huna la kufanya.

Hatua ya 7: Kimo

Simama juu ya bomba la fremu, nyayo zikiwa chini, ubakiwe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Panda, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini: mguu unyooke kabisa. Baadaye ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litakunjika kiasi kinachofaa.

Hatua ya 8: Jaribu na mzigo

Baiskeli tupu hainung'uniki. Omba kiroba cha kilo 50, kifunge kwenye karia kwa mpira, uende kwenye lami kisha uitafute njia ya kichanga. Sikiliza nyuma, angalia kama karia inayumba, shika breki ukiwa kwenye mteremko. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.

Ukishanunua, beba pampu, viraka, solusheni, vitoa tairi na spana ya 15 kwa nati za nyuma. Baada ya wiki moja au mbili irudishe kwa fundi akaze spoku, maana huwa zinajikalisha zikianza kubeba. Mwambie akaze na nati za karia siku hiyohiyo, kwani hizo hutangulia kulegea.