Somo: kutuni (kurekebisha majedwali ya kompyuta ya injini) Subaru WRX baada ya kufunga inteki kubwa

Senza ya MAF, inayopima hewa inayoingia kwenye injini, haijui upana wa paipu ya inteki. Inahisi kasi ya hewa inayopoza waya wake, kisha kompyuta inageuza volti kuwa gramu kwa sekunde kwa jedwali lililoandikiwa paipu ya kiwandani. Ukipanua paipu, hewa ile ile inapita polepole, senza inasoma pungufu na mafuta yanapungua. Injini ya EJ20 ikiwa kwenye busti (presha ya taabo) na mafuta haba hugonga, yaani mafuta hulipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni ndizo hulipa. Kwa hivyo usiikanyage kabla ya kutuni, hata sauti ikikushawishi.

Andaa laptopu yenye RomRaider na EcuFlash (programu za kusoma na kuandika kompyuta ya gari), kebo ya Openport 2.0 ya kuziunganisha na gari, na waidibendi (kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta). Hifadhi faili asili kabla ya lolote.

1. Ziba mianya. Hewa ikiingia kati ya MAF na taabo, mafuta huwa haba. Ikivuja baada ya taabo, huzidi. Usipoziba utakuwa unatuni mwanya. Kaza klampu zote na ukague hozi ndogo zinazorudi kwenye inteki.

2. Mwendo wa kawaida. Futa kumbukumbu ya kompyuta, pasha injini, endesha bila pupa Nakuru hadi Njoro na kurudi huku ukirekodi. Jumlisha marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu. Yakiwa +8% kwenye volti 1.8, zidisha seli hiyo ya jedwali la MAF kwa 1.08. Kisha lainisha mkunjo, maana seli moja ikiruka gari husita hapo hapo. Rudia mpaka ubaki ndani ya 5%, juu au chini.

3. Kukanyaga hadi mwisho. Hii ni kazi ya daino, mashine ya kupima gari likikimbia mahali pamoja. Barabara ya Salgaa si mahali pa majaribio. Hakikisha kwanza marekebisho ya muda mrefu ya safu ya mwisho ya hewa, D, yako karibu na sifuri, kwani kompyuta huyatumia hata ikiacha kusikiliza senza ya oksijeni. Lengo la hewa kwa mafuta likiwa 11.0 na waidibendi ikasoma 11.8, zidisha seli hiyo kwa 1.07.

4. Kugonga. IAM, namba inayoonyesha kompyuta inaiamini taiming kiasi gani, ikishuka chini ya 1 (au 16 kwa kompyuta za zamani), simama. Punguza taiming (wakati wa cheche) digrii 1 au 2 pale inapogonga. Gari la soko la Japani linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ramani yake ilikusudiwa petroli yenye okteni kubwa kuliko ya pampu zetu.

Busti iguswe mwisho kabisa.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, nilituniwa Nakuru. Nikishuka Kisumu busti inaruka na mafuta yanakatwa. Shida ni nini?*

Nakuru ni kama mita 1,850, Kisumu kama 1,130. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo wastegate (vali inayodhibiti busti) hupewa asilimia kubwa, ibaki imefungwa zaidi, ili busti ifike. Asilimia hiyo hiyo inazidi huko chini: ipunguze, kisha rekodi upya. Angalia pia seli za juu za MAF. Huenda Nakuru hazikufikiwa kamwe, na bado zina namba za kiwandani.

*Filta ya kupakwa oili ina ubaya?*

Oili ikizidi hushika kwenye waya wa MAF. Safisha kwa dawa ya MAF tu. Ya kabureta hapana, kitambaa hapana.

*Inazima nikiachilia mafuta, lakini nikikanyaga iko sawa.*

Blow-off yako (vali inayoachilia presha ukiachilia mafuta) inatoa hewa nje? Hewa hiyo ilishapimwa, kwa hivyo mafuta yanazidi ghafla. Irudishe kwenye inteki, ndugu, kabla hujagusa jedwali.