Mkibishana Dini na Sayansi, Kwanza Ulizaneni Mnabishania Nini

Mimi nafundisha fizikia, na ni mtu wa sala. Watu wakishalijua hilo hupenda kunikalisha katikati kwenye midahalo ya imani na sayansi, wakidhani nitawaamulia nani mkweli. Siamui. Huuliza swali moja kabla mtu hajafungua kitabu: hapa hasa mnabishania nini?

Lijibuni kwa kalamu. Kila upande uandike dai lake kwa sentensi moja, lisomwe kwa sauti. "Biblia inapingana na sayansi" halifai, wala "sayansi imeshindwa". Hizo ni kelele. "Dunia haijafikisha miaka elfu kumi" ni dai, tena zuri, kwa sababu lina pa kushikika. Mwaka 1650 askofu mkuu James Ussher alijumlisha vizazi na tawala zinazotajwa katika Biblia, akafikia kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 KK. Kwa zama zake hiyo ilikuwa kazi ya kisomi, si mzaha. Leo tunapima urani iliyogeuka kuwa madini ya risasi ndani ya mawe na vimondo, na umri wa dunia unatoka kama miaka bilioni 4.5. Jambo la kipimo huamuliwa kwa kipimo, na muumini asione haya kulikubali mapema.

Ila "Mungu yupo" si dai la namna hiyo. Hakuna mizani ya kuliweka, na hapo mwenye shaka ndiye anayetakiwa ateremke kutoka kwenye kiti cha maabara, aingie kwenye falsafa kama wengine. Nalo "nabii fulani alitamka maneno haya" ni dai la historia: linataka nakala za kale, mashahidi, na idadi ya miaka iliyopita kati ya tukio na maandishi. Ugomvi mwingi niliousimamia ulizuka pale mtu alipojibu dai la aina moja kwa ushahidi wa aina nyingine.

Sasa andiko. Anayesoma mstari mmoja kutoka kwenye simu, mwambieni asome sura nzima. Mfano usiokosekana ni huu: katika Mwanzo sura ya 1 mimea inatokea siku ya tatu na mtu siku ya sita, lakini katika sura ya 2 mtu anafanyizwa wakati mimea ya kondeni bado haijachipuka. Mwenye shaka huitoa hii kama silaha ya siri. Ya siri kwa nani? Wafafanuzi wamekuwa wakiijadili tangu kale. Muumini naye huanza kuhaha kuzipatanisha sura hizo saa kwa saa, jambo ambalo kwangu ni kupoteza jioni. Sura ya kwanza inakwenda kwa mapigo ya ibada, ikawa jioni ikawa asubuhi. Ya pili ni masimulizi ya udongo, pumzi na bustani. Muulizeni kila mmoja wenu: mwandishi alikuwa anajibu swali gani, na je, ndilo swali lako?

Msidhani huu ni ujanja wa watu wa kisasa waliobanwa na sayansi. Augustino, askofu wa Kanisa la kale, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo mwanzoni mwa karne ya 5, aliwaonya Wakristo wanaoropoka juu ya nyota na viumbe kwa jina la Maandiko: asiyeamini anayeyajua mambo hayo atakusikiliza vipi ukimwambia habari za ufufuo? Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, mwishoni mwa karne ya 11 aliandika kwamba anayedhani kupinga hesabu za wataalamu wa nyota kuhusu kupatwa kwa jua ni wajibu wa dini, huyo anaidhuru dini. Na hadithi sahihi zinaeleza kwamba jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, watu wakaliunganisha na msiba. Mtume akakataa: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Angeweza kunyamaza tu, na watu wangezidi kustaajabu.

Kwa hiyo muumini, usiifunge aya yako kwenye nadharia ya leo. Georges Lemaître, padri na mwanafizikia, aliandika juu ya kupanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, na mwaka 1931 akapendekeza mwanzo ulioshikamana kama atomu moja, wazo lililokuja kuitwa Mlipuko Mkuu. Papa Pius XII alipoyahusisha mambo hayo na uumbaji katika hotuba ya 1951, Lemaître hakupendezwa. Alijua nadharia hurekebishwa. Nasema hivyo hivyo kwa wanaosoma Mlipuko Mkuu ndani ya Kurani 21:30, aya inayosema mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa.

Mwenye shaka, kagua na vya kwako. Galileo, aliyetetea kwamba dunia hulizunguka jua, hakuchomwa moto. Mwaka 1633 alihukumiwa, akafungiwa nyumbani hadi alipofariki 1642, na alikuwa Mkatoliki. Aliyechomwa ni mwanafalsafa Giordano Bruno, mwaka 1600. Wala usiseme umri wa dinosaria umepimwa kwa kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi iliyomo kwenye mabaki ya viumbe. Nusu yake hupotea kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ikipita miaka kama 50,000 hakibaki cha maana cha kupima. Mpinzani anayejua hilo atakumaliza, hata kama hoja yako kubwa ni sahihi.

Miujiza iwekeni mwisho, maana hapo sauti hupanda. Kabla ya kufunga, kila msemaji aulizwe: kitu gani kingekufanya ubadili mawazo? Mimi nikiulizwa hujibu hivi. Kuhusu umri wa dunia, vipimo vipya vilivyorudiwa na maabara tofauti vingenibadilisha kesho. Kuhusu kusali, sababu zangu siziwasilishi kama ushahidi wa kisayansi, na yeyote ana haki ya kusema hazimtoshi.

Msemaji akijibu kwamba hakuna kitu, mshukuruni akae. Muda uliobaki wapeni wasikilizaji, ambao mara nyingi wana maswali bora kuliko ya sisi wa mbele.