Refa wa kikapu: jinsi ya kuamua dabo dribo zile zinazoleta ubishi

Juzi nimekaa na mwalimu mmoja wa michezo huku Uyole, Mbeya, anajiandaa kuchezesha mechi za shule kuelekea UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, mchezaji mpira ukimponyoka halafu akaudaka tena, ni dabo au siyo?" Dabo, yaani dabo dribo, ni kosa la kudunda mpira tena baada ya kumaliza kudunda. Hilo moja lilitumalizia chupa nzima ya chai. Naliandika hapa kwa sababu hata mimi lilinitesa msimu mzima.

Hatua ya 1. Shusha sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kwenye simu, zipo bure, soma kifungu cha 24 (kudunda) na cha 25 (kutembea na mpira). Na tafadhali sana usijifunzie urefa kwenye klipu za NBA, ligi ya Marekani yenye sheria zake. Chukua mfano huu, mchezaji kapiga shuti halijagusa ringi, halijagusa ubao, halijagusa mtu, kalifuata kaudaka mwenyewe. NBA haruhusiwi kuwa wa kwanza kuugusa. FIBA kama wewe refa umeridhika kwamba lile lilikuwa shuti la kweli, ni halali na anaweza kuanza kudunda upya kabisa. Jukwaa zima litapiga kelele maana wote wanaangalia NBA, wewe acha mpira uendelee.

Hatua ya 2. Nunua filimbi isiyo na gololi. Zile za gololi zinakwama kwa mate, na ukikwama sekunde moja tu tukio limeshapita.

Hatua ya 3. Angalia mkono kwanza, miguu baadaye. Kudunda kunaisha kwa njia mbili tu: mikono yote miwili imeugusa mpira kwa wakati mmoja, au mpira umetulia mkononi, uwe mmoja au miwili. Mpira kupanda juu ya bega siyo kosa, kinachotafutwa ni kama umetulia kwenye kiganja.

Hatua ya 4. Kuponyokwa. Hapa ndipo penye kazi, soma taratibu.

Kuponyokwa maana yake mpira umemtoka kwa bahati mbaya, na kuponyokwa mwanzoni au mwishoni mwa kudunda hakuhesabiwi kama kudunda. Kwa hiyo jiulize kwanza, ilikuwa kabla hajaanza kudunda, katikati, au ameshamaliza? Kama kapokea pasi ikamponyoka ikadunda chini akaiokota, bado ana haki yake yote ya kudunda. Kama ameshamaliza kudunda, kashika kwa mikono miwili, halafu ukamtoka, anaruhusiwa kuufuata na kuuokota, na hatua anazopiga wakati mpira hauko mikononi hazihesabiwi, ila akishaushika ni pasi au shuti tu, akidunda tena piga filimbi.

Ya katikati ndiyo inayochanganya watu, hasa kwenye viwanja vyetu vya sementi vyenye nyufa. Mpira unagonga ufa, unaruka pembeni, jamaa anaukimbilia. Akiuwahi kwa mkono mmoja na kuendelea kuudunda, ni kudunda kule kule, hakuna kosa. Akiukumbatia kwa mikono miwili, amemaliza, hata kama ufa ndio ulioleta shida. Inauma lakini sheria haiujui ufa.

Halafu kuna mguso wa mpinzani, na huu ndio ulionigharimu. Kulikuwa na binti anadunda, akashika, mpira ukamtoka, akaanza kudunda tena, nikapiga dabo. Akaniambia kwa upole, "Refa, ameugusa." Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mgongo wake umeziba kila kitu. Mwenzangu wa upande wa pili aliniambia baadaye kwamba kidole cha mkabaji kiliugusa kweli, na mpira ukishaguswa na mpinzani mchezaji akapoteza umiliki, anaruhusiwa kudunda upya. Nilimnyima yule binti haki yake na hadi leo naiwaza. Tangu siku hiyo sikai nyuma ya mgongo, nasogea pembeni mpaka nione mwanga kati ya mpira na mkono wa mkabaji. Kama huuoni ule mwanga, usipige filimbi kwa kukisia.

Na uangalie nia. Mchezaji mjanja ameshamaliza kudunda, anausukuma mpira mbele anajifanya umemponyoka. Tazama vidole, aliyeponyokwa vidole vinaushika hewa, mwili unashtuka kidogo, aliyesukuma kiganja kinafuata mpira. Huyo wa pili akiugusa tena kabla haujagusa mtu mwingine, ni dabo.

Hatua ya 5. Vituko vingine. Kuurusha mpira juu ya kichwa cha mkabaji wakati wa kudunda inaruhusiwa, mradi uguse chini au umguse mtu kabla yeye hajaugusa tena. Kuubiringisha chini ni kudunda. Kuurusha toka mkono huu kwenda huu siyo kudunda, hapo hamia kwenye miguu, uone kama anatembea na mpira.

Hatua ya 6. Filimbi, kiganja wazi juu, ishara ya kupigapiga, mwelekeo, wapinzani warushe toka nje karibu na lilipotokea kosa.

Mazoezi: rekodi kwa simu kwa mwendo wa taratibu, kaa na mwenzio, kila mmoja aandike uamuzi wake kwenye karatasi kabla hamjaongea. Yule mwalimu wa Uyole klipu kumi za kwanza alikosea sita, zote za kuponyokwa, na Jumamosi tunarudi uwanjani na nyingine.