Kabla hujaandika majibu ya kuigiza ya seva, hakikisha haya

Kama unaanza mradi wa tovuti na wenzako wa upande wa seva hawajamaliza kazi yao, usikae kuwangoja. Igiza majibu ya seva, endelea na kazi. Ila kuna mambo uyaweke sawa kwanza.

Node, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari: angalia toleo lako kwa `node -v`. Vite 7, zana ya kujenga tovuti, haikubali Node iliyo chini ya 20.19. Create React App, zana ya zamani ya kuanzishia miradi ya React, achana nayo. Timu ya React yenyewe ilitangaza rasmi kuiacha kwa miradi mipya Februari 2025. Faili ya package-lock.json, inayoshika matoleo ya vifurushi, iingie kwenye Git, na wenzako watumie `npm ci` wapate matoleo hayo hayo. Vifurushi vipakue ukiwa na Wi-Fi ya maana, si kwa bando la saa moja ukiwa ndani ya matatu Ngong Road.

Kuigiza seva, mimi hutumia Mock Service Worker, zana inayonasa maombi ndani ya kivinjari na kuyajibu badala ya seva. Amri ya `npx msw init public/` huweka faili ya mockServiceWorker.js kwenye folda ya public. Isipokuwepo, hakuna ombi litakalonaswa. Subiri `worker.start()` imalize ndipo uonyeshe ukurasa, la sivyo maombi ya kwanza yanaweza kupita bila kunaswa. Na ujue inafanya kazi kwenye localhost au HTTPS pekee. Ukifungua ukurasa kwenye simu kwa anwani ya 192.168 ya laptopu yako, haitaamka, nawe utashinda mchana kutwa ukitafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa.

Sasa lile kubwa: usiandike jibu la kufaulu kabla hujaandika ya kushindwa na ya kusubiri.

Tulikuwa tunamtengenezea mama mmoja mwenye duka la sare za shule, katikati ya jiji, ukurasa wa malipo wa kutumika kwenye tableti ya kaunta. Seva haikuwa tayari, nikaandika jibu langu mwenyewe: ukibonyeza Lipa, papo hapo inarudi `ResponseCode: "0"`, skrini inageuka kijani, "Malipo yamepokelewa". Kila nilipojaribu ilikubali. Seva ya kweli ilipokuja, nayo ilirudisha "0" hiyo hiyo, tukafungua duka.

Kumbe kwenye M-Pesa "0" hiyo ya kwanza maana yake ni kwamba ombi limepokelewa tu. Simu ya mteja ndiyo kwanza inamwomba PIN. Matokeo ya malipo huja baadaye, yanatumwa kwenye seva: `ResultCode` 0 amelipa, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana. Tazama vizuri: "0" ya kwanza iko ndani ya alama za kunukuu, ya pili ni nambari tupu, kwa hiyo `===`, alama ya kulinganisha ya JavaScript, haizioni kuwa sawa. Tena mteja akighairi, sehemu ya CallbackMetadata yenye nambari ya risiti haiji kabisa. Msimbo unaoitafuta bila kuuliza kama ipo unaanguka.

Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, foleni imefika mlangoni. Skrini inakuwa kijani, mhudumu anatia sweta mbili kwenye mfuko, anakabidhi, na simu ya mzazi bado inasubiri PIN. Wengi waliiweka. Wengine waliona kijani, wakapewa mfuko, wakaondoka. Jioni hesabu ikakataa, na aliyeulizwa pesa zimekwenda wapi ni yule mhudumu. Alinipigia saa mbili usiku. "Kaka, si ni wewe ulisema ikiwa kijani amelipa? Basi mwambie mama." Nilimwambia usiku huo huo. Asubuhi nilipofika dukani nilimkuta mhudumu ameandika kwenye kijitabu kila sweta aliyotoa jana yake, saizi na saa, ili aaminike.

Kwa hiyo, kwa kila ombi la malipo, andika kwanza jibu la kusubiri, ukitumia `delay` ya Mock Service Worker ya sekunde 20 au zaidi, kisha la kughairi, la simu kukosekana, na la seva kuanguka kwa kosa la 500. Kufaulu kuje mwisho. Kitufe cha Lipa kizimwe mtu akishabonyeza, asije akalipa mara mbili. Umbo la jibu usilitunge kichwani: mwombe mwenzako jibu halisi kutoka mazingira ya majaribio ya Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ulinakili kama lilivyo. Likiwa na nambari ya simu ya mtu, ibadilishe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu hata wewe.

Kabla ya kupeleka mradi hewani, kuigiza kuwe ndani ya sharti la `import.meta.env.DEV`, ambalo ni kweli tu unapoendesha mradi kwa kuutengeneza, kisha fungua tovuti iliyojengwa uone kwa macho yako maombi yakienda kwenye seva ya kweli. Thamani yoyote ya faili ya .env uliyoipa jina linaloanza na VITE_ na ukaitumia kwenye msimbo itasomeka kwenye kivinjari, kwa hiyo usifiche ufunguo wa siri huko. Jaribu kwenye simu ya bei ya chini. Jaribu intaneti ikiwa ya polepole, na ikiwa imekatika kabisa. Na pandisha kazi yako kwenye Git kila jioni, kabla stima hazijapotea.