Kupanga ramani ya bidhaa: kipi kijengwe robo hii, kipi kisubiri

Chukua timu ya watengenezaji 4 wenye programu ya simu ya hesabu za duka: mauzo, bidhaa zilizobaki, madeni ya wateja. Mezani kuna maombi 40. Usianze na maombi, anza na nguvu uliyonayo. Watu 4 kwa miezi 3 ya robo ni miezi-kazi 12. Toa likizo, mikutano na muda wa kurekebisha hitilafu, ubaki na kama 8. Ukipanga zote 12, ramani itavunjika mara tu mmoja akiugua.

Halafu andika kila ombi kama shida. "Wekeni kitufe cha SMS" hakikufundishi kitu. "Mwenye duka hawezi kumkumbusha mdaiwa bila kumpigia simu" kunakuonyesha njia kadhaa, na huenda mojawapo ni ya siku mbili tu. Maombi 40 yakiandikwa hivi hupungua sana, maana mengi ni shida ileile iliyosemwa na watu tofauti.

Yanayodaiwa na sheria yatoe pembeni: ankara za eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki) za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na risiti za EFD (mashine za risiti za kielektroniki) za TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Hayo hayashindanishwi na mengine, hupangiwa tarehe. Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza Julai 1, na mabadiliko mengi ya kodi huanza siku hiyo, kwa hiyo acha wiki 2 za Juni bila kazi nyingine.

Yaliyobaki yape alama kwa mbinu ya RICE (Reach, Impact, Confidence, Effort: watakaoguswa, faida, uhakika, kazi), iliyotoka kampuni ya Intercom. Zidisha idadi ya watakaoguswa kwa robo, uzito wa faida (3, 2, 1, 0.5 au 0.25) na uhakika wako (100%, 80% au 50%), kisha gawanya kwa miezi-kazi. Tuseme daftari la madeni litagusa maduka 600, uzito 2, uhakika 80%, kazi miezi 3: 600 × 2 × 0.8 ÷ 3 = 320. Michoro ya mauzo itagusa 900, uzito 0.5, uhakika 50%, kazi mwezi 1: 225. Daftari linatangulia.

Sasa lijaribu jibu hilo. Daftari likichukua miezi 6 badala ya 3, alama zake ni 160 na michoro inalipita. Makadirio ya kazi ndiyo yanayodanganya kuliko yote, hivyo yatolewe na atakayeandika msimbo, kamwe si na muuzaji. Idadi ya watakaoguswa itoke kwenye kumbukumbu za matumizi. Wanaopiga simu kulalamika ni wachache, na mara nyingi ni walewale.

Alama hazioni utegemezi. Ikiwa kikumbusho cha deni kinahitaji namba za simu za wateja, kuzihifadhi kunatangulia hata kama alama zake ni ndogo.

Panga safu tatu: sasa, inayofuata, baadaye. Tarehe ziwe kwenye safu ya kwanza tu. Mteja mkubwa akishaahidiwa tarehe ya jambo lililo safu ya tatu, ramani si yako tena, ni yake. Pitia orodha kila wiki 6, na ombi lililokaa robo 2 bila kupanda lifute, kisha mwambie aliyeliomba, pamoja na sababu.